Ubao Uliokataa Mkasi

Kila asubuhi, kabla ya kukata chochote, Siwema alipitisha mkasi wake kwenye jiwe la kunolea mara tisa, akaufuta kwa upindo wa kanga, akakunja miguu juu ya mkeka wake na kusubiri. Mzee Ngwali, mkuu wa chumba, alikuwa na desturi ya kupita katikati ya mikeka akisalimiana na wakataji mmoja mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuanza kazi kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

"Haya, kata."

Basi Siwema alikata. Aliisoma kila barua kimoyomoyo tangu mwanzo mpaka alipokutana na neno "ila". Hapo mkasi ulipita, na barua ikawa vipande viwili. Kipande cha juu kiliwekwa kwenye sinia la shaba kwenda kwa Mtawala. Kipande cha chini kilitupwa kapuni. Kwa miaka sita hakuwahi kukosea, na kwa miaka sita hakuna mtu mle chumbani aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo na salama.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia alikuwa amekwisha kukata barua tatu. Ya nne ilikwama mlangoni.

Ilikwama kwa sababu iliingizwa kimapana. Ilikuwa ubao. Tarishi aliyeubeba aliugeuza, akaupitisha kwa ncha, akaushusha mbele ya Siwema kwa kishindo kilichorusha vipande vya karatasi chumba kizima. Ulikuwa mrefu kuliko Siwema, unene wake vidole vitatu, wa mti mgumu mweusi, na ukingoni ulikuwa na matundu mawili yenye kutu. Maandishi yake yalikuwa yamechomwa kwa chuma cha moto. Siwema, kwa utii, aliweka mkasi juu yake pale panapostahili. Mkasi uliteleza. Akajaribu tena. Ncha ikavunjika.

Mzee Ngwali alikuja mbio, jambo ambalo mtu wa cheo chake hakutakiwa kulifanya.

"Nini hiki?"

"Barua, mzee," alijibu tarishi, akaketi chini bila kukaribishwa. Jina lake Makungu, na miguu yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. "Inatoka Ngome ya Saba, kule mtoni. Nimetembea siku nne."

"Habari za huko?"

"Nzuri. Salama kabisa. Ila—"

"Ahaa!" Mzee Ngwali aliinua kiganja. "Ila yako utaiacha dirisha la tatu."

"Dirisha la tatu limefungwa, mzee."

"Basi ni salama kabisa," alisema Mzee Ngwali.

*

Mtu wa nchi nyingine anaweza kushangaa, kwa hiyo ni haki nieleze.

Watu wa Dola Kongwe, kama watu wote waliolelewa wakalelewa, hawakumpokea mgeni wala kumwandikia mtu kwa habari mbaya. Ukiulizwa habari, unasema nzuri. Nyumba inaweza kuwa inawaka nyuma yako. Unasema nzuri kwanza, mwenzako anavuta pumzi, anaketi, anakunywa maji, ndipo unaposema: ila nyumba inaungua. Ni adabu nzuri, na mimi mwenyewe naipenda.

Mtawala wa Kwanza, aliyeijenga dola, aliishi kwa adabu hiyo. Mjumbe alipoingia na kusema kwamba ngome hazijambo na mashamba hayajambo, Mtawala alimwacha amalize, akaweka kikombe chini na kuuliza neno moja: "Ila?" Mjumbe akaeleza: ukuta umepata ufa, visima vimeingia chumvi, askari hawana viatu. Ufa ukazibwa, visima vikachimbwa, viatu vikashonwa. Kwa swali hilo moja dola ilipata ngome kumi na mbili.

Mtawala wa Nne alikuwa na tumbo jepesi. Siku moja, baada ya kula pweza, alisikia salamu za mjumbe, akashika tumbo na kusema, "Ila nitaisikia kesho." Mawaziri wake walikuwa watiifu mno. Waliliandika neno hilo, wakalipiga muhuri, likawa sheria. Na kwa kuwa kesho, kisheria, ni siku inayofuata leo, haikufika hata mara moja.

Mwanzoni kulikuwa na kapu moja la ila. Baadaye likawa chumba. Wakati wa Mtawala wa Tisa, ambaye ndiye tuliye naye katika hadithi hii, ilikuwa ofisi yenye wakataji mia tatu na arobaini, na ndiyo iliyokuwa idara pekee ya dola iliyokua kila mwaka.

*

Wasomi waliokuja baadaye wamebishana sana juu ya sababu za kudhoofika kwa Dola Kongwe. Wapo wanaosema ni jeshi, wapo wanaosema ni uchumi. Sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba wakataji mia tatu na arobaini wanahitaji mikasi, mikasi huisha makali, na chuma hakioti shambani.

Chuma kilitoka kwenye mikuki. Askari wa mipakani waliombwa kuirudisha makao makuu ili inolewe, ikafuliwa mikasi, na wao wakapelekewa mikuki ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Jemadari Mkuu Tindwa alieleza kwamba mkuki wa mbao ni mwepesi, hauchoshi mkono, na kwa mbali unang'aa kuliko wa chuma. Yote hayo yalikuwa kweli. Askari waliandika kushukuru kwa wepesi wake, ila, na kadhalika.

Vipande vya chini navyo vilihitaji mahali pa kukaa. Vilihifadhiwa kwenye ghala kuu la nafaka, ambalo kwa bahati lilikuwa limebaki tupu. Lilikuwa tupu kwa sababu wakulima waliandika kila mwaka kwamba mavuno ni mazuri, ila nzige wamekula robo tatu. Na Waziri wa Ghala, Bi Mwanakheri, aliposoma kwamba mavuno ni mazuri, aliongeza kodi ya nafaka, kama ambavyo waziri yeyote makini angefanya. Wakulima hawakugoma. Walivuka mto kwa adabu, familia baada ya familia, wakalima Ng'ambo, na dola ikawa inanunua mtama wao kwa chumvi.

Chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wa askari. Ilipopungua ilichanganywa na mchanga mweupe, ikaitwa chumvi ya kizalendo. Askari waliojua ladha ya chumvi waliondoka, na mahali pao wakaajiriwa vijana wa Ng'ambo kulinda ukuta dhidi ya Ng'ambo. Walikuwa wa bei nafuu, na waliujua ukuta vizuri, maana walikwisha kuukwea mara nyingi.

Siku za upepo, mtu aliyepita karibu na ghala alisikia vipande vile vikichakarika ndani, kama watu wengi wanaonong'ona wakiogopa kumwamsha mgonjwa.

*

Kuhusu ubao, kikao cha dharura kiliketi mchana uleule, wajumbe wakauzunguka wakitazama dari. Walitazama dari kwa sababu kusoma maneno yanayofuata ila lilikuwa kosa kubwa, liitwalo kusoma mbele, na adhabu yake ilikuwa kupelekwa kulinda mpaka. Ilikuwa adhabu ya ajabu kidogo, kwa kuwa mpaka ulikuwa salama kabisa.

"Leteni msumeno," aliamuru Jemadari Tindwa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza, na kifua chake kilijaa nishani alizozipata kwa gwaride.

"Misumeno yote ilifuliwa mikasi mwaka juzi," alisema Bi Mwanakheri.

"Shoka basi."

"Mashoka yalikwenda mwaka jana. Wewe ndiye uliyetoa hotuba."

"Nakumbuka. Ilikuwa hotuba nzuri." Jemadari alishika mpini wa upanga wake. "Nitaukata mwenyewe!" Akauchomoa kwa nguvu. Ulitoka mpini mtupu.

"Na huo uliutoa mwenyewe, Jemadari," Bi Mwanakheri alimkumbusha. "Tukakupigia makofi."

"Tuuchome moto," alisema mjumbe mmoja.

"Juu ya ubao kuna salamu ya Mtawala," Mzee Ngwali alisema taratibu. "Kuchoma salamu ya Mtawala ni uhaini."

"Tuupake rangi sehemu ya chini."

"Rangi ilikwisha kwenye mikuki ya mbao."

"Basi tumrudishie aliyeuleta! Aandike upya, kwenye karatasi kama watu!"

Makungu, ambaye alikuwa bado ameketi pembeni, alicheka kidogo bila furaha. "Karatasi wamezichemsha, Jemadari. Zile za ngozi ya mbuzi zina mafuta mafuta."

"Yaani wanapika vizuri," alisema Jemadari. "Iandikwe hivyo."

Siku ya Salamu, ambapo habari za ngome zote husomwa mbele ya Mtawala mwenyewe, ilikuwa imebakiza siku tatu. Sheria ilisema hakuna ngome itakayokosa kusomwa. Sheria ilisema pia hakuna ila itakayoonekana. Wajumbe walivutana mpaka alasiri, kisha Bi Mwanakheri, ambaye alikuwa na akili na ndiyo maana alidumu, alisema: "Funikeni sehemu ya chini kwa hariri. Ubao ushikwe na msomaji, asome juu, aishie panapotakiwa. Na msomaji awe mtu mwenye sauti ndogo, ili hata akikosea asikosee kwa watu wengi. Nani ana sauti ndogo hapa?"

Wakataji mia tatu na thelathini na tisa walimgeukia Siwema.

*

Ubao ulikabidhiwa kwake, pamoja na kipande cha hariri ya kijani na nyuzi za kukifungia. Ukasimamishwa ukutani nyuma ya mkeka wake. Wenzake waliokwenda kunywa maji walipita mbele ya ubao ubavu ubavu, uso wakiuelekeza dirishani, na wawili waligongana.

Siwema alikuwa amefunga nyuzi mbili za juu alipoyaona maandishi kwa utulivu. Herufi zilikuwa zimeinama kulia, zote kwa pamoja, kama watu wanaopanda kilima. Aliijua ile namna ya kuinama. Kaka yake Vuai ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni, mama yao akiwa mgonjwa chumba cha pili. Kila alipopatia herufi, Vuai alimbandulia kipande cha ukoko. Tangu wakati huo Siwema hakuweza kusoma neno gumu bila kusikia ladha ya wali ulioungua.

Vuai alikuwa Ngome ya Saba mwaka wa tano sasa. Barua zake ziliandikwa na karani wa ngome, na Siwema alizikata pamoja na nyingine, bila kuvuka mstari. Alizikumbuka salamu zake. Mwaka wa kwanza: "Sisi sote sitini hatujambo." Mwaka uliofuata: "Sisi sote arobaini hatujambo." Kisha: "Sisi sote kumi na saba hatujambo." Kwenye daftari la ofisi, Ngome ya Saba ilikuwa na sifa ya kipekee: miaka yote, wote hawajambo, mia kwa mia. Siwema alikuwa akiliona daftari hilo na kufurahi.

Sasa karani hakuwepo; Vuai ameandika mwenyewe. "Mtukufu, sisi sote tisa hatujambo. Ukuta umesimama. Mikuki yetu yote inang'aa. Ila"

Siwema alitazama kulia na kushoto. Kisha akasoma mbele.

"Ila haikati. Ila chakula kilikwisha mwezi uliopita. Ila walinzi wa Ng'ambo wanaingia na kutoka wapendavyo, nasi tumeona lango halina kazi tena, tukaling'oa. Mbao nyingine tumezipikia, hii tumeiandikia, tukijua kwamba karatasi hukatwa. Ila mto unashuka. Tangu leo tunapouchoma ubao huu zimebaki siku kumi na moja, kisha watavuka bila kulowa magoti, wote, si walinzi tu. Tukipata watu mia tatu na mikuki ya kweli kabla ya hapo, ukuta utashika. Ila kama mdogo wangu Siwema bado yuko kwenye mikasi, aambiwe asilie. Akate tu, ndiyo kazi yake. Sisi tunajua."

Siwema alifunga uzi wa tatu, akafunga wa nne. Kisha akahesabu kwa vidole. Kumi na moja, toa siku nne za tarishi njiani. Toa siku tatu mpaka Siku ya Salamu. Zinabaki nne. Na kutoka mji mkuu mpaka Ngome ya Saba ni mwendo wa siku nne, kama watu hawatasimama kula. Akahesabu tena, kwa sababu kwenye majivu pia alikuwa akihesabu mara mbili. Zilibaki nne.

*

Alimfuata Mzee Ngwali wakati wa mapumziko, alipokuwa peke yake akimenya chungwa.

"Mzee."

"Naam, mwanangu."

"Ule ubao."

"Uko salama?"

"Salama," alisema Siwema. Alisimama tu, akisokota upindo wa kanga yake.

Mzee Ngwali alimtazama machoni, akaacha kumenya. Alikuwa ameona macho kama yale mara nyingi. Mara moja aliyaona kwenye kioo chake.

"Keti," alisema. Siwema akaketi. "Mimi nimekata miaka arobaini. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma mbele. Ndiyo, mimi. Kuna kijiji kiliomba kisima. Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukata. Mwaka wa pili kikaomba sanda. Mwaka wa tatu hakikuandika kitu." Aligawa chungwa, akampa nusu. "Nikapandishwa cheo. Waliniambia malalamiko ya mkoa wangu yamepungua. Tangu siku hiyo nasoma mpaka panapotakiwa, na usingizi ninaupata."

"Mtawala hawezi kuambiwa, mzee? Hata pembeni?"

"Na nani? Miaka thelathini hakuna aliyemwona bila Jemadari huku na Waziri huku. Mwenyewe si mtu mbaya, nakuambia. Kila asubuhi anawasalimia njiwa wake, mmoja mmoja, kwa majina. Anawapenda kwa sababu hawamfichi kitu." Alitafuna, akatema mbegu. "Siku ya Salamu nitakuwa nimesimama kando yako na mkasi wa dhahabu. Msomaji akiteleza akagusa ila, mimi nafungua mkasi na kukata hewa mbele ya mdomo wake, naye ananyamaza. Ndiyo kanuni. Sijawahi kuutumia. Usinifanye niutumie, mwanangu. Tafadhali."

"Ndiyo, mzee."

"Kula chungwa."

Siwema akala chungwa. Lilikuwa tamu, na hilo lilimuumiza zaidi.

*

Siku ya Salamu ilipambazuka vizuri. Viwanja vya jumba vilifagiliwa, mabango yakatundikwa, na Kikosi cha Gwaride, askari elfu tatu waliokuwa hawajawahi kuuona mto, kilipita mbele ya Mtawala kikiinua miguu sawasawa. Lilikuwa jeshi bora la dola, na kwa sababu hiyo lilikuwa limekatazwa kwenda mahali ambapo lingeweza kuharibika.

Mtawala wa Tisa aliketi kwenye kiti kirefu, mzee mwembamba mwenye mikono safi, njiwa wawili wakiwa wamelala begani. Kulia kwake Jemadari, kushoto kwake Bi Mwanakheri.

Jemadari Tindwa alifungua kwa hotuba. "Mtukufu! Leo mipaka yetu imetulia kuliko wakati wowote tangu kuumbwa kwake. Ngome ya Nne imetulia hivi kwamba hata kikohozi hakisikiki. Zamani adui alituogopa kwa mbali. Leo, kwa uongozi wako, amesogea karibu ili apate kutuogopa vizuri!"

Makofi.

"Tena wengine wao wamependa utumishi wetu, wakaomba kulinda ukuta wetu wenyewe! Niambieni, ndugu zangu, ni dola gani duniani iliyopendwa na adui zake namna hii?"

Makofi, na vigelegele kutoka upande wa wake wa mawaziri.

Bi Mwanakheri alisoma habari za ghala. Alisema ghala kuu limejaa mpaka kwenye paa, na hakudanganya. Kisha wasomaji wakaanza. Ngome ya Kwanza haijambo. Ya Pili haijambo. Ya Tatu haijambo na inamwombea Mtukufu maisha marefu. Barua ya Ngome ya Nne ilikuwa fupi mno: kulikuwa na tarehe tu, nayo ikapigiwa makofi kwa unyenyekevu wake. Ya Tano haijambo. Ya Sita haijambo.

"Ngome ya Saba!" mpiga mbiu aliita.

Siwema alitoka mbele akiwa ameukumbatia ubao, hariri ya kijani ikipepea kwenye miguu yake. Ulikuwa mzito, na njiani alisimama mara mbili kupumzika. Watu walidhani ni sehemu ya sherehe, wakasimama nao. Alipofika aliuweka wima kando yake akaushika kwa mikono miwili. Matundu mawili ya bawaba yalikuwa usawa wa shavu lake. Mzee Ngwali akaja akasimama upande wa pili, mkasi wa dhahabu mkononi.

"Mtukufu," alisoma Siwema, "sisi sote tisa hatujambo. Ukuta umesimama. Mikuki yetu yote inang'aa."

Akaishia hapo. Chini ya hapo ilikuwa hariri.

Watu wa mstari wa mbele, ambao ndio pekee waliosikia, walipiga makofi, na wa nyuma wakafuata kwa kuwaamini. Mzee Ngwali alishusha pumzi. Jemadari aliinama kwenye sikio la Mtawala: "Wote hawajambo, Mtukufu. Mia kwa mia, kama kawaida yao. Nashauri nishani." Kisha akamwashiria Siwema kwa kidole aondoke.

Siwema hakuondoka. Si kwamba aliamua. Miguu yake ilikuwa imesahau namna ya kuanza. Mpiga mbiu alikwisha kufungua kinywa kuiita Ngome ya Nane, akakifunga.

Mtawala alimtazama. Aliona msichana mdogo, ubao mkubwa, jasho. Miaka thelathini alikuwa akiambiwa ngome hazijambo, ghala halijambo, dola haijambo. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kumuuliza mtu. Lakini alikuwa amelelewa, na mtu aliyelelewa hawezi kumtazama mtu mwingine muda mrefu namna ile bila kumsalimia. Hata njiwa alikuwa akiwasalimia.

"Na wewe, binti," alisema, "hujambo?"

Uwanja mzima uligeuka. Bi Mwanakheri alifungua kitabu cha kanuni, akaanza kupekua haraka, akalowesha kidole, akapekua tena. Hakukuwa na ukurasa. Zilikuwepo kanuni za barua, za wasomaji, za mahali pa kukata; kwamba Mtawala angemjulia hali mtu mmoja, hakuna mwandishi wa sheria aliyewahi kulifikiria.

"Sijambo, Mtukufu," alisema Siwema.

Ilikuwa jibu sahihi. Lilikuwa pia na mahali pazuri pa kuishia, na Jemadari alikwisha kuinua viganja vyake kupiga makofi.

Lakini Mtawala aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, hata njiwa mmoja akahama bega. "Sikukusikia, mwanangu. Mimi ni mzee. Sema kwa nguvu."

Siwema alitazama kando. Mzee Ngwali alikuwa na mkasi wa dhahabu mkononi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Jemadari alimkazia jicho, akapiga vidole, akanong'ona: "Mkasi! Ngwali, mkasi!" Mzee aliutazama ule mkasi kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenyewe asiyemjua, akauingiza mfukoni polepole, ncha ikitangulia.

Siwema akavuta pumzi, ndefu kuliko zote alizowahi kuvuta, na alipoanza sauti ilitoka kubwa, ikamshtua mwenyewe, ikapita mistari ya mbele, ikapita wake wa mawaziri, ikawafikia askari elfu tatu waliosimama juani.

"Sijambo, Mtukufu. Ila nina kaka mmoja tu duniani, anaitwa Vuai. Yuko ukutani na wenzake wanane, hawana mkuki wala chakula, na zimebaki siku nne mto ukauke. Na huu ubao nilioushika ndio lango lao."